Kupima mikoko kwa futi na fremu, Ghuba ya Chwaka

Karibuni watazamaji. Tupo ukingoni mwa mikoko ya Chwaka, Unguja. Tutahesabu mti gani unaota wapi, tujue kwa nini.

Chagua siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapotimia. Maji hupwa asubuhi, mnamo saa nne, ila ndani ya vijito huchelewa, basi tazameni kwanza jedwali la maji. Chukueni futi ya mita 50, futi ya fundi cherehani, kamba, vijiti, penseli na fremu ya mabomba ya plastiki, mita moja kila upande. Toboeni mabomba yaingie maji, la sivyo fremu itaelea. Vaeni raba za kufunga kamba. Ndara zitabaki topeni.

Sasa nyoosheni futi kutoka baharini kuelekea nchi kavu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanafuata ufuo kwa kuwa njia ni nyepesi, wanakutana na mlilana, aina ya mikoko inayoota upande wa bahari, mwanzo hadi mwisho, wanadhani msitu wote ni mlilana. Anzieni upande wa bahari, ili maji yakirudi yawafuate kwa nyuma.

Kila baada ya mita 20 pimeni kipande cha mita 10 kwa 10. Kikiangukia kwenye kijito, andikeni "kijito" na msikisogeze penye miti mizuri. Mti ulioota juu ya mpaka uhesabiwe kwenye pande mbili mlizokwisha kuzichagua, pande mbili nyingine uachwe.

Mzingo wa shina hupimwa sentimita 130 kutoka chini. Ugawanyeni kwa 3.14 mpate kipenyo. Mkoko wenyewe, ile aina yenye mizizi iliyoinuka kama miguu, una sheria yake: pimeni sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, kwa sababu chini ya hapo mnapima miguu, si shina.

Tazameni mizizi ya mlilana iliyochomoza topeni. Tope hili halina hewa, basi mzizi unatoka nje kupumua. Mchu nao hufanya hivyo, lakini yake ni myembamba kama penseli. Lambeni jani la mchu: chumvi! Mti huu huitoa kupitia majani, ilhali mkoko huizuia sehemu kubwa mizizini. Msishangae mkikutana na mchu baharini na tena karibu na nchi kavu. Unastahimili chumvi kali ya huko nyuma, ambako jua hukausha tope baada ya bamvua. Andikeni kote kuwili.

Fremu isitupwe, maana mkono huipeleka penye nafasi. Wekeni karatasi za namba 0 hadi 9 ndani ya kofia. Okoteni moja, hizo ni mita za kwenda mbele kutoka kona ya kipande. Irudisheni, okoteni nyingine, hizo ni za pembeni. Ndani ya fremu hesabuni miche na matundu ya kaa. Kaa mmoja aweza kuwa na milango miwili, kwa hiyo andikeni "matundu", msiandike "kaa".

Miti 7 katika kipande kimoja ni sawa na 700 kwa hekta, lakini kipande kimoja hakitoshi kusema hivyo. Pigeni angalau mistari mitatu, na kwa kila kipande andikeni umbali wake kutoka baharini kabla hamjakihama, maana karatasi ikilowa hakuna atakayekumbuka.