Haipa na Haipo: Maneno ya Kitabibu kwa Mtu wa Saluni

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo? Nimeitwa nizungumzie kazi za urembo wa kitabibu, na naona huko nyuma mtu ameshaandika "mshahara" juu ya ukurasa. Atasubiri kidogo.

Zamani kliniki tuliletewa mama mmoja. Mashavu yake yalikuwa na mabaka ya kijivu yanayoelekea buluu, na juu yake vijipele vidogo vimesongamana kama mayai ya samaki. Saluni alikokuwa akienda walimwambia ana melasma, yaani mabaka ya weusi usoni, wakampa krimu ya haidrokwinoni, dawa ya kupunguza weusi wa ngozi. Mabaka yakazidi, wakamwongezea krimu. Hivyo hivyo miaka miwili. Kumbe hakuwa na melasma kabisa. Alikuwa na okronosisi, ugonjwa wa ngozi kuingia rangi ya kijivu na buluu, ambao kwa watu wetu huletwa na hiyo hiyo haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu. Madaktari wa Afrika Kusini walishaueleza tangu 1975. Saluni ile ilikuwa ikizima moto kwa mafuta ya taa.

Mngeitofautishaje? Kwa kidole. Pitisha kidole juu ya melasma: ngozi laini, rangi tu ndiyo imebadilika. Tena hupenda kukaa pande zote mbili za uso, kwenye mashavu, paji na juu ya mdomo, hasa kwa wajawazito, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango na wanaoshinda juani. Okronosisi iliyokomaa ina ukwaruzo, kidole kinagonga vijipele. Kwa kitabibu, doa bapa ambalo kidole hakilisikii ni makula. Kijipele kigumu kilichoinuka, kisichofika sentimita moja, ni papula. Laiti kadi ya yule mama ingeandikwa "papula za kijivu mashavuni" badala ya "madoa", mtu yeyote aliyesoma ngozi angeshtuka mwezi wa kwanza.

Sasa sikilizeni hayo maneno: makula, papula, pustula, vesikula. Hicho ni Kilatini, lakini utadhani kimezaliwa Pangani. (Kicheko.) Pustula ina usaha. Vesikula ina maji, na ukiziona zimejikusanya kwenye mdomo wa mteja, usimguse kwa mashine ya mvuke wala skrabu, maana huenda ni malengelenge ya virusi vya hapesi, utayasambaza uso mzima. Komedo ni kile kichwa cheusi au cheupe cha chunusi.

Kigiriki ndicho kinachowatisha, na bila sababu. "Dema" ni ngozi. "Epi" ni juu, basi epidemisi ni tabaka la juu. Mwisho wa "-itisi" ni mchomo: ngozi inauma au inawasha, ina joto, imevimba. Dematitisi, mchomo wa ngozi. Folikulitisi, mchomo wa vishimo vya vinyweleo. Vinyozi mliopo hapa, vile vipele vya ndevu wateja wanavyowalaumu navyo vinaitwa sudofolikulitisi. "Sudo" maana yake bandia, kwa kuwa chanzo si vijidudu, ni nywele iliyojikunja ikarudi kuchoma ngozi. Kumnyoa kipara zaidi ni kumwongezea.

Halafu kuna pacha wawili wanaowafelisha watu mitihani. "Haipa" ni kupita kiasi, "haipo" ni upungufu au chini. Mimi nilikariri hivi: haipopigimentesheni, rangi haipo! (Kicheko.) Mkishacheka hamsahau. Ila kwenye haipodemisi ina maana ya chini, tabaka la mafuta lililo chini ya ngozi. Na haipapigimentesheni, rangi iliyozidi, ndiyo mtakayoiona kila siku, kwa sababu ngozi nyeusi ikichubuliwa, ikiungua au ikitumbuliwa chunusi, hulipiza kwa weusi.

Neno moja vitabu vimetuonea: erithema, yaani wekundu. Picha nyingi ni za Wazungu. Kwa mteja mweusi ngozi iliyoungua inaweza kuonekana ya zambarau, au imeiva tu zaidi ya jirani yake. Ukisubiri wekundu wa nyanya utakuwa umeshamuunguza. Tumia mgongo wa mkono kusikia joto, na muulize kama panachoma.

Hata ile mizani ya Fitzpatrick, inayopanga ngozi kwa jinsi inavyoungua au kuiva juani, wanayoitumia watu wa leza, ilianza 1975 na aina nne za ngozi za Wazungu, ngozi za kahawia na nyeusi zikaongezwa baadaye, zikafika sita. Ndiyo maana kazi ya leza inataka mtu anayejua mashine. Mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 huzama chini bila kunaswa sana na rangi ya juu, kwa hiyo ni salama zaidi kwetu. Ule wa 755 unaweza kumwachia mtu mweusi malengelenge.

Haya, kazi. Kliniki za ngozi zinahitaji mikono ya kuandaa mteja, kusafisha uso, kusimamia leza chini ya daktari, kufundisha matumizi ya losheni ya jua. Kule hospitali ya KCMC Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya ngozi kilianza 1992, wanatengeneza losheni ya jua kwa ajili ya wenye ualbino. Ngozi ya watu hawa ni eneo ambalo saluni zetu zimelisahau, na linaniuma. Sindano za kujaza midomo si zenu, hata mteja akilia. Wanaoota Marekani wajue kwamba majimbo mengi hayana leseni ya peke yake ya "urembo wa kitabibu". Unapata leseni ya kawaida ya ngozi, California ni masomo ya saa 600, kisha unafanya kazi ndani ya kliniki. Mshahara, ndugu yangu wa nyuma, hupanda kwa yule ambaye daktari anaweza kuisoma kadi yake bila kumwita amweleze.

Jambo jingine kabla sijasahau: muulizeni mteja dawa anazotumia. Anayemeza aisotretinoini kwa ajili ya chunusi hafanyiwi waksi, na akiimaliza anasubiri miezi sita. Waksi itaondoka na ngozi.

Fungueni madaftari. Picha ya kwanza hii hapa ukutani. Jina la ugonjwa silitaki, hiyo ni kazi ya daktari. Niandikieni iko wapi, ina upana gani, rangi gani, na kidole kingesikia nini.