Nikolaos Plastiras: kutoka risasi za Goudi hadi siasa za msamaha

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko Ugiriki. Kaka Hamisi, tupe jenerali wako.

HAMISI: Nikolaos Plastiras, dada. Mzaliwa wa Karditsa, Thessalia. Askari walimwita Mpanda Farasi Mweusi. Mwaka 1922 jeshi la Ugiriki liliposambaratishwa na Waturuki huko Asia Ndogo, vikosi vingi vilikimbia ovyo kuelekea pwani. Kikosi chake kilirudi nyuma kwa mpangilio, kikipigana, na raia wakapata pa kujikinga.

NEEMA: Na wakimbizi hawakumsahau.

HAMISI: Hata kidogo! Hao ndio waliokuja kuwa mtaji wake wa siasa. Septemba mwaka huohuo, akiwa bado kanali, aliongoza mapinduzi pamoja na kanali mwenzake Gonatas. Mfalme Constantine akang'oka.

NEEMA: Halafu ikaja Kesi ya Watu Sita.

HAMISI: Mawaziri wakuu watatu wa zamani, mawaziri wawili, na Jenerali Hatzianestis aliyeongoza jeshi kule Asia Ndogo. Mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani kwa uhaini. Gounaris, mmoja wa mawaziri wakuu hao, alikuwa mahututi kwa homa ya matumbo, lakini hakuachwa. Hukumu ikasomwa asubuhi, na siku hiyohiyo wakapelekwa Goudi, Athens, wakapigwa risasi.

NEEMA: Mimi hapo namlaumu, kaka. Kushindwa vita ni jambo moja, uhaini ni jambo jingine. Watu wenye uchungu walitaka damu, naye akawapa.

HAMISI: Sikupingi. Ila Januari 1924 alikabidhi madaraka kwa bunge lililochaguliwa na akavua magwanda. Wangapi walioingia kwa bunduki wamefanya hivyo?

NEEMA: Na 1933 je? Venizelos, mwanasiasa aliyemuunga mkono, kashindwa uchaguzi, usiku uleule Plastiras anajaribu kupindua tena!

HAMISI: Hilo halina utetezi. Lilifeli, naye akaishia uhamishoni Ufaransa. Alirudi mwishoni mwa 1944, akawa waziri mkuu kwa miezi michache ya 1945. Lakini Plastiras ninayemheshimu mimi ni wa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha 1949. Magereza na visiwa vya wafungwa vimejaa wakomunisti, na mzee huyu anasimama na chama chake cha EPEK kudai msamaha na maridhiano.

NEEMA: Wakati huo kusema hivyo ilikuwa kujitafutia balaa.

HAMISI: Kabisa. Watu wakampa kura, akawa waziri mkuu 1950, kisha tena 1951. Ndipo likaja suala la Nikos Beloyannis, mkomunisti aliyehukumiwa kifo. Ulimwengu mzima ulipaza sauti, hata mchoraji Picasso akamchora akiwa na ua la mkarafuu mkononi.

NEEMA: Na hakuokolewa.

HAMISI: Machi 30, 1952, kabla ya mapambazuko, Beloyannis na wenzake watatu walipigwa risasi kwa mwanga wa taa za magari. Wapi? Goudi.

NEEMA: Goudi ileile!

HAMISI: Ileile. Mfalme Paul alikataa kutoa msamaha. Plastiras alikuwa mgonjwa, serikali yake dhaifu mbele ya jeshi na ikulu.

NEEMA: Bado angeweza kujiuzulu, kaka. Barua ya kujiuzulu haihitaji afya njema.

HAMISI: Angeweza, na mimi natamani angefanya hivyo. Hakufanya. Novemba akashindwa uchaguzi na jenerali mwingine, Papagos, na Julai 1953 akafariki, hana hata nyumba ya kwake.