Anga Limetakata, Lakini Mwongozaji Anauliza Mvua

Wapendwa wangu, hamjambo? Mama, shikamoo, najua unatazama hapo Iringa. Leo niko Page, Arizona, huku Marekani, kaskazini kabisa mwa jimbo. Tumetoka Phoenix usiku wa manane, zaidi ya kilomita 400. Ukishaipita Flagstaff ni jangwa tu, miamba myekundu huku na huku, na sheli ni za kuhesabu. Jaza tangi mapema, beba maji.

Hapa nyuma yangu mnaona uwanda mtupu, eeh? Sasa pale kuna ufa mwembamba ardhini, na chini yake ndilo Korongo la Antelope. Ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, huingii bila mwongozaji wao. Ndani hatukuruhusiwa kurekodi video, kwa hiyo nawasimulia.

Unashuka ngazi za chuma, kuta zinakusogelea mpaka mabega yote mawili yanagusa mwamba. Nikapitisha kiganja: laini kama mtungi. Kutazama vidole, vimebaki na mchanga mwembamba. Maana mwamba huu ulikuwa vilima vya mchanga vya jangwa, kama miaka milioni 190 iliyopita, na ile mistari ya mshazari ukutani iliwekwa na upepo wa enzi hizo. Wekundu ni kutu ya chuma. Aliyechonga korongo ni maji ya mafuriko.

Hapo kwenye maji nisikilizeni vizuri. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walifia humu humu. Mvua ilinyesha mbali, kilomita kadhaa huko juu, maji yakateremka ghafla, na humu hamna pa kukimbilia. Ngazi za wakati ule zilikuwa za mbao. Za sasa ni chuma, zimefungwa kwa bolti mwambani.

Sisi watoto wa Iringa tumecheza sana makorongoni, tukiangalia wingu lililo juu ya vichwa vyetu basi. Leo kabla hatujashuka, mwongozaji wetu aliongea kwenye redio mara mbili, anaulizia hali ya huko maji yanakotokea. Anga limetakata, hata wingu moja hakuna, na bado anauliza! Nilimshukuru kutoka moyoni, jamani.

Kwa hiyo ukija, wakikwambia leo hakushukwi, usibishane nao, hata kama umeendesha usiku kucha.

Kesho tunakwenda Zion, hifadhi ya taifa jimboni Utah, tutapita lile handaki la mwaka 1930 lililotobolewa madirisha mwambani. Huko kamera itawashwa. Mama, nikipata mtandao nitakupigia.