Mazao Funika na Mabaki ya Viuagugu Shambani

Ndugu wakulima, mabwana na mabibi shamba, na wageni wetu wote,

Naomba nianze na shamba langu mwenyewe, ekari 2 za tambarare chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka mmoja nilipuliza atrazini, dawa ya kuua magugu, kwenye mahindi ya masika, nikavuna Agosti, na mvua za vuli zilipoanza Novemba nikapanda maharage. Yaliota vizuri mno, hata jirani akanipongeza. Juma la tatu majani ya chini yakageuka manjano katikati ya mishipa, kingo zikakauka kama zilizopitiwa na moto, na miche ikaanza kulala mmoja baada ya mwingine. Nilidhani ni ugonjwa, nikakimbilia dukani kununua dawa ya ukungu. Nilikuwa namtibu maiti.

Maharage huota bila shida kwenye udongo wenye atrazini kwa sababu siku za mwanzo mche hula akiba iliyomo ndani ya mbegu. Akiba ikiisha, mizizi huvuta maji pamoja na dawa, dawa hupanda hadi kwenye majani na kuuzuia mmea usitengeneze chakula chake kwa mwanga wa jua. Mahindi yananusurika kwa kuwa yanaivunja dawa hiyo ndani ya tishu zake kabla haijaleta madhara, uwezo ambao maharage hayana wa kutosha.

Kilichonisumbua zaidi ni hesabu. Atrazini hutajwa kuwa inapungua kwa nusu kila baada ya siku 60 hivi. Tangu Machi hadi Novemba ni siku zipatazo 240, yaani kupungua kwa nusu mara nne, kwa hiyo katika kila gramu 1,000 nilizopuliza zilipaswa kubaki kama 62 tu. Mbona maharage yaliungua? Kwa sababu hesabu ile ni ya udongo wenye joto na unyevu, ambamo vijidudu viko kazini. Udongo wangu kuanzia Juni hadi Oktoba ulikuwa vumbi, na juu ya hilo una magadi, hali inayoifanya atrazini ikae muda mrefu zaidi kuliko katika udongo wenye tindikali. Miezi ya kiangazi, ndugu zangu, isihesabiwe. Dawa iliyolala kwenye vumbi huamka na mvua pamoja na mbegu yako.

Hapo ndipo mazao funika, yaani mimea inayopandwa ili kuufunika na kuutunza udongo, yanapoingia. Wengi husimulia kwamba mmea hunyonya sumu na kuitoa ardhini, na ni kweli kwa kiasi fulani, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika nje ya mmea, kwenye utando mwembamba wa udongo ulioshikana na mizizi. Mizizi hutoa sukari na asidi zinazowalisha bakteria, bakteria huongezeka maradufu, na baadhi yao huivunja dawa. Mwaka 1995 wanasayansi wa Marekani walitangaza bakteria wa jamii ya Pseudomonas, waliyempata jimboni Minnesota mahali palipomwagika viuagugu, ambaye hutumia atrazini kama chanzo chake cha naitrojeni. Ndiyo maana siwashauri kuweka urea kwenye zao funika mlilolipanda kwa kazi hii: bakteria aliyeshiba naitrojeni ya bure hana haja ya kuhangaika na atrazini.

Sharti la kwanza la zao hilo ni kwamba lenyewe liihimili dawa iliyomo. Nchini Brazil, watafiti wa chuo kikuu cha Viçosa walionyesha kwamba mukuna na kanavalia, mimea miwili ya jamii ya kunde, huweza kupunguza mabaki ya trifloksisalfuroni, kiuagugu cha pamba na miwa. Matokeo hayo ni mazuri, lakini msiyahamishie kwenye atrazini, kwa maana jamii ya kunde kwa jumla huiogopa. Hata marejea, ambayo watawa wa Peramiho kule Songea waliieneza kwa wakulima kwa bidii kubwa, na ambayo mimi naipenda kwa kurutubisha udongo, nisingeitanguliza katika shamba lenye atrazini. Ningetanguliza mtama, ambao huihimili kama mahindi, nikaupanda kwa msongamano ili mizizi ienee kila mahali.

Kuna viuagugu vingine viwili: glaifoseti hushikwa na chembe za udongo mara inapoufikia, na 2,4-D huisha kwa siku au majuma machache ardhi ikiwa na unyevu. Kwa hizo mbili, msipoteze mbegu za zao funika.

Ugumu wenyewe uko kwenye wakati. Ukisubiri uvune ndipo upande mtama, utaupanda kwenye vumbi, na hakuna kitakachoota. Unapaswa kuupenyeza kati ya mistari ya mahindi yanapoanza kukausha majani ya chini, kabla mvua za mwisho za masika hazijakatika, ili mizizi iukute unyevu uliobaki. Kisha kuna ng'ombe. Kwetu, mahindi yakishavunwa, shamba ni la kila mchungaji, na mtama mchanga, hasa unaochipua baada ya kukatwa au kupigwa na ukame, una sumu ya sianidi inayoweza kuangusha ng'ombe kabla hujamwita daktari wa mifugo. Kwa hiyo kubalianeni na wafugaji mapema, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na si siku ambayo mnyama yuko chini.

Mwisho, kabla ya kupanda maharage, ulizeni udongo wenyewe. Chukueni udongo wa juu, kina cha kiganja, kutoka sehemu kumi za shamba, changanyeni, jazeni makopo matatu yaliyotobolewa chini. Jazeni mengine matatu kwa udongo wa kando ya uzio ambako dawa haijawahi kufika. Pandeni maharage manne kila kopo, mwagilieni, wekeni juani, na msitoe hukumu siku ya kumi yanapopendeza yote. Subirini juma la tatu. Mwaka uliofuata, baada ya kupanda mtama, makopo yangu ya shambani yalikuwa na manjano kidogo kwenye kingo za majani mawili. Nikaiacha vuli ile ipite na mtama mwingine, nikapanda maharage msimu wa pili.