Kori ya 13: Mwili Mkubwa Usiosikia

Ndugu wasikilizaji, anayetaka kulielewa jeshi la Tsar, mfalme wa Urusi, asianze na Tsar mwenyewe, bali aanze na kori, yaani divisheni mbili za askari wa miguu, pamoja na mizinga na wahandisi wao, zilizowekwa chini ya jenerali mmoja. Mwaka 1914 Urusi ilikuwa na kori 37. Jioni hii nitaifuata moja tu, ile ya 13, ambayo makao yake wakati wa amani yalikuwa Smolensk.

Kori hazikuwapo sikuzote. Katika miaka ya 1860, Waziri wa Vita Dmitri Milyutin alizivunja, akaigawa nchi katika mikoa ya kijeshi, na divisheni zikawajibika moja kwa moja kwa wakuu wa mikoa hiyo. Mpango huo ulifaa kwa kulisha na kufunza askari, lakini haukufaa kwa kupigana, na vita na Waturuki vilipokaribia ilibidi kori ziundwe upya. Kori ya 13 ilizaliwa mwaka 1877, na mwaka huohuo ikapigana Bulgaria, sambamba na ya 12, chini ya mrithi wa kiti cha enzi aliyekuja kuwa Tsar Alexander III.

Mpangilio wake ulikuwa rahisi kuuelewa. Divisheni za 1 na 36 zilikuwa na regimenti nne kila moja, na kila regimenti batalioni nne, hivyo kori nzima ilikuwa na batalioni 32. Mizinga yake ilikuwa 108, na kati ya hiyo 12 tu ndiyo iliyoweza kurusha makombora kwa kuyapandisha juu ya vilima na mahandaki. Kori ya Kijerumani ilikuwa na mizinga 160. Wengi hutaja tofauti hiyo na kuishia hapo. Mimi naona udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa katika mawasiliano na uongozi.

Mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza na uhamasishaji, yaani wito wa askari kwenda vitani, ulipotangazwa, Jenerali Mikhail Alekseev, aliyeijua kori hii tangu 1912, aliondolewa akawe mnadhimu mkuu wa Medani ya Kusini-Magharibi, yaani kundi la majeshi ya upande huo. Nafasi yake alipewa Nikolai Klyuev, mgeni kwa maofisa wake, huku kombania zikijazwa askari wa akiba waliotoka mashambani. Wakaingia Prussia Mashariki, mkoa wa Ujerumani, katika Jeshi la Pili la Jenerali Samsonov, wakitembea siku nyingi katika mchanga, mkate ukichelewa nyuma. Amri zilirushwa kwa simu ya upepo bila kufichwa kwa msimbo, na Wajerumani wakazisikia.

Tarehe 27 Agosti kori iliingia mji wa Allenstein bila upinzani mkubwa. Usiku haujaisha, ikaamriwa kugeuka magharibi kuiokoa Kori ya 15 ya Jenerali Martos, iliyokuwa ikizidiwa karibu na Hohenstein. Regimenti ya 143 ya Dorogobuzh ikaachwa nyuma kuwazuia Wajerumani waliokuwa wakiwafuata, na kanali wake akauawa hapo. Msaada haukufika kwa wakati. Barabara zilizobaki zilipita katikati ya maziwa na misitu, nazo zilikuwa zimekwisha kuzibwa. Samsonov alijiua msituni usiku wa kuamkia tarehe 30, na siku hiyo Klyuev, akiwa amezungukwa na watu wenye njaa wasiojua tena regimenti zao ziko wapi, akasalimu amri.