Giaboksi ya otomatiki huanza kufa kwenye rejeta

Assalaam alaykum, madereva wenzangu, na nyinyi vijana mnaojifunza ufundi. Ahsanteni kwa kuja hapa Chake asubuhi hii.

Tizameni karatasi hii. Ina matone mawili ya oili ya giaboksi, kutoka gari mbili. Hili la kwanza ni jekundu, linaangaza kama juisi ya rozela. Hiyo ni oili nzima. La pili ni la waridi, zito, lina povu, utadhani maziwa yaliyotiwa rangi. Mwenye gari alinambia tu kuwa chombo chake kinachelewa kushika gia. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, nikajua maji yameshaingia.

Yamepitia wapi? Wengi husema mvua. Hapana, ndugu zangu. Katika Toyota nyingi hizi zetu za zamani, oili ya giaboksi huenda kwa bomba hadi kwenye rejeta, ikapita ndani ya kipoozeo kilichozama kwenye maji, ikapoa, ikarudi. Kinachotenga oili na maji ni ukuta mwembamba wa chuma. Na sisi tunatia nini humo? Maji ya kisima! Visima vya karibu na pwani vina chumvi, na chumvi inautafuna ukuta ule kidogo kidogo mpaka utoboke. Maji yakishaifikia oili, gundi inayoshika bitana za klachi inaachia. Hapo giaboksi haina dawa ila kufunguliwa. Tieni kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta. Nalisema hili kila siku na sitachoka, maana nimeona watu wakiuza ng'ombe kununua giaboksi kwa sababu ya ndoo ya maji.

Oili ndiyo kila kitu humo ndani. Injini inazungusha pangaboi moja, linairusha oili kwenye pangaboi jengine linaloelekeana nalo, na gari inakwenda. Oili hiyohiyo, kwa nguvu ya pampu, ndiyo inayobana klachi. Pampu inazungushwa na injini; injini ikizimika hakuna kinachobana klachi, ndiyo maana gari ya otomatiki haiwaki kwa kusukumwa.

Adui mwengine ni joto, na Pemba yetu ni vilima na mabonde. Umepakia magunia ya karafuu unapandisha, giaboksi inaingia gia ya nne, inarudi ya tatu, inaingia tena. Kila ikibadilisha, klachi zinasuguana na oili inazidi moto. Bonyeza kitufe cha O/D, yaani ovadraivu, ile gia ya nne, ili ifungwe, panda kilima chako kwa utulivu. Taa ya O/D kwenye dashibodi ikianza kumwekamweka yenyewe, kompyuta imeona kasoro; nenda kwa fundi.

Oili ikinuka kuungua, imwage. Lakini ukifungua nati ya sampo, lile bakuli la chini ya giaboksi, hutoki nayo yote, sehemu kubwa inabaki kwenye kanvata, yaani yale mapangaboi mawili. Kwa gari kongwe ambayo haijabadilishwa oili miaka mingi, mimi siisukumi oili ya zamani kwa mashine. Namwaga, nasafisha sampo, natia kiasi kilekile kilichotoka, gari inatembea wiki mbili tatu, narudia. Tizameni pia sumaku za sampo: tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini mkikuta vipande vya chuma, oili mpya haitasaidia kitu.

Na wekundu usiwadanganye. Gari iliyoandikiwa T-IV, aina ya oili ya Toyota, haitiwi oili ya CVT, yaani giaboksi ya mkanda isiyo na gia, wala ya CVT haitiwi hii.

Sasa twendeni nje. Gari ile imetoka Mkoani sasa hivi, oili bado ya moto, na imesimama pahala tambarare. Mmoja wenu atakaa ndani, injini ikinguruma, mguu kwenye breki, apitishe gia zote kisha arudi P, ya kuegesha. Mwengine atachomoa kijiti, akifute kwa kitambaa kisicho nyuzi, akirudishe, akichomoe tena, atwambie oili imefika wapi kwenye alama ya HOT. Wenye Honda nyingi zenye kijiti, nyinyi mnazima injini kwanza ndipo mnapima. Njoo na karatasi hiyo, kijana, tudondoshe tone la tatu.