Via Appia: Usiishie Wanapoishia Watalii

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu na rika langu, mambo vipi? Karibuni tena. Leo tunafuata barabara moja tu, kuanzia Roma mpaka baharini. Nimeirekodi vipande vipande kila nilipopata mapumziko kazini, kwa hiyo mkiona nguo zinabadilika na nywele zinabadilika, msishangae.

Barabara yenyewe ni Via Appia. Mwaka 312 KK Warumi walikuwa vitani na Wasamniti huko kusini, na jeshi lilihitaji njia ya kupita masika na kiangazi. Kiongozi mmoja, Appius Claudius, akaagiza ijengwe kutoka Roma mpaka Capua, kama kilomita 195. Huyu huyu ndiye aliyeletea Roma mfereji wake wa kwanza wa maji. Waliokuja baada yake wakaisogeza mpaka Benevento, Venosa, Taranto, na kufikia karibu mwaka 190 KK ikawa imegusa bahari ya upande wa pili, Brindisi. Jumla kama kilomita 540. Chukua Dar mpaka Moshi, hapo hapo. Julai 2024 UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia, ikawa ya 60 kwa Italia.

Ubishi wangu nausema mapema. Watu wakija Roma wanatembea kilomita chache za mwanzo, wanapiga picha na misonobari, wanarudi hotelini wanasema wameiona Appia. Hawajaiona. Pale mwanzoni ni makaburi ya matajiri na bustani nzuri. Barabara yenyewe, ile yenye watu, inaanzia pale basi la watalii linapogeuza.

Ila mwanzoni kuna kitu kimoja siwezi kukiruka. Ngoja nigeuze kamera. Hapa ndipo lilipokuwa lango la Capena, Appia ilipoanzia. Jengo lile kubwa ni FAO, wale wa chakula na kilimo, mnawajua. Lakini lilianza kujengwa enzi za Mussolini liwe wizara ya makoloni ya Italia kule Afrika. Na mbele yake, mwaka 1937, wakausimamisha mnara wa jiwe walioubeba kutoka Aksum, Ethiopia, nchi waliyoivamia. Mita 24 kwenda juu, zaidi ya tani 150. Ukakaa hapa mpaka 2003 ulipofunguliwa, 2005 ukarudishwa kwao kwa ndege, vipande vitatu, na 2008 ukasimama tena Aksum.

Sasa sikilizeni. Tarehe 10 Septemba 1960, Olimpiki ya Roma. Marathoni inakimbiwa jioni kukwepa joto, na njia ya kurudi mjini ni hii Appia ya kale. Giza limeingia, askari wamepangwa pembeni wameshika mienge. Anatokea Abebe Bikila, askari wa kikosi cha walinzi wa Haile Selassie, miguu mitupu. Jamani, mimi na raba zangu hapa nimeshajikwaa, yeye miguu mitupu! Wako bega kwa bega na Rhadi wa Morocco, kilomita na kilomita, hakuna anayemwachia mwenzake. Walipoukaribia mnara wa Aksum, mnara wa kwao, Bikila akachomoka. Wakaja kumwona tena kwenye tao la Konstantino, keshamaliza. Saa 2, dakika 15 na sekunde 16, mpaka siku ile hakuna aliyewahi kukimbia marathoni kwa kasi hiyo. Ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Wamepita makaisari wengi kwenye barabara hii, lakini kwangu mimi mwenye nayo ni huyo.

Haya, tutoke. Hili ni lango la San Sebastiano, ukuta huu ni wa karne ya 3 BK. Mbele kuna makatakombe, mahandaki ya kuzikia ya Wakristo wa kale, nendeni tu, ni mazuri na kuna ubaridi. Makaburi mengi mnayoyaona pembeni yapo hapa kwa sababu sheria ya Warumi ilikataza kuzika ndani ya mji, basi kila mwenye pesa akataka alale penye wapita njia wengi, jina lake lisomwe. Lile la mviringo ni la Cecilia Metella, mke wa mtu kutoka ukoo tajiri. Tumemaliza.

Nataka mtazame chini. Haya mawe meusi ni ya volkano, yametoka kwenye milima ya Albani tunakoelekea. Mwanzoni barabara ilikuwa ya changarawe, mawe yalianza kupangwa miaka kama ishirini baadaye. Upana ni kama mita nne, mikokoteni miwili inapishana. Katikati pameinuliwa kidogo ili maji yateremke pembeni. Maji yakikosa pa kukaa, barabara inadumu, siri ni hiyo tu na wakandarasi wetu wanaijua vizuri.

Sasa nimeshavuka milima, niko tambarare ya Pontino. Oneni ilivyonyooka. Hii ni lami, malori yanapita, inaitwa barabara kuu ya taifa namba 7, lakini chini yake ni ile ile ya Appius. Wanaosoma Biblia, fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 28. Paulo anapelekwa Roma akiwa mfungwa, ndugu wakatoka mjini kumlaki mpaka Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Basi Soko la Apio ndipo hapa niliposimama! Mikahawa Mitatu tumeipita kule nyuma, karibu na Cisterna. Zaidi ya kilomita 60 kutoka Roma, watu wamekuja kumpokea mtu aliyefungwa minyororo. Nyie mliowahi kutua uwanja wa ndege wa nchi ya watu ukamkuta mtu mmoja tu anakusubiri, mnanielewa.

Mshairi Horatius naye alipita hapa karibu mwaka 37 KK, mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa, anasafiri na wakubwa kwenda Brindisi. Hapa kulikuwa na mfereji kando ya barabara, unalala kwenye boti huku nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, anaivuta usiku kucha. Kwa maelezo yake, maji yalikuwa mabovu akaacha kula, mbu na vyura wakamnyima usingizi, na mwendesha boti, kalewa, akawa anamwimbia mpenzi wake. Abiria wakasinzia. Yule bwana akamfunga nyumbu kwenye jiwe, akalala chali, anakoroma. Alfajiri wanashtuka, boti haijasogea! Abiria mmoja mwenye hasira akaruka nje, akachukua fimbo, akamcharaza nyumbu na mwenye nyumbu. Miaka elfu mbili, na konda ni yule yule.

Lakini mbu wale hawakuwa mzaha. Hapa palikuwa kinamasi, na malaria iliua watu kwa karne nyingi. Mzee ninayemtunza kazini, kwao ni vijiji vya mlimani hapo juu. Ananiambia mama yake hakuruhusu mtoto ateremke tambarare jioni. Serikali ya Italia ilikuwa inauza kwinini kwenye maduka ya tumbaku, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Siku nilipomwambia mimi malaria nimeiugua tangu utotoni, babu akanishika mkono kama ndugu yake. Makaisari walijaribu kukausha maji haya, mapapa wakajaribu, mwishowe yakakauka miaka ya 1930, na mji wa Latina ukaanzishwa mwaka 1932. Mwaka 1970 ndipo Italia ikatangazwa haina malaria. Kwa hiyo anayewaambia malaria ni ugonjwa wa Afrika, mleteni hapa.

Na mashamba haya leo yanalimwa na nani? Wengi ni Wasikh kutoka Punjab. Alfajiri mtawaona na vilemba vyao kwenye baiskeli, pembezoni mwa Appia, malori yanawapita kwa kasi. Juni 2024 mmoja wao alikatwa mkono na mashine shambani, badala ya kukimbizwa hospitali akatelekezwa nje ya nyumba yake, akafa. Italia nzima ikasimama kuzungumza. Siweki muziki hapo.

Terracina. Mwamba huu ulikuwa umeziba njia, zamani ulilazimika kuuzunguka kwa kupanda mlima. Kaisari Trajanus akaukata mpaka chini. Mnaona namba zilizochongwa ukutani? Mafundi walikuwa wanahesabu kina kila futi kumi wakishuka, na ya mwisho, hii hapa karibu na lami, ni CXX, yaani 120. Mita 36 za jiwe, kwa patasi na nyundo. Fundi yeyote anayetazama, anajua ni kazi gani hiyo.

Capua ya kale leo ni Santa Maria Capua Vetere. Mwaka 73 KK Spartacus na wenzake walitoroka hapa kwenye shule ya wapiganaji wa uwanjani, wakaongoza watumwa kwa maelfu kupigana na Roma. Uwanja huu mkubwa ulijengwa baadaye, msidanganywe na waongoza watalii. Mwaka 71 KK wakashindwa, na jemadari wa Kirumi, Crassus, akawasulubisha mateka 6,000 kuanzia hapa Capua mpaka Roma. Nimepiga hesabu: kilomita 195, watu 6,000, ni msalaba mmoja kila baada ya mita 32 hivi. Ile njia ya picha na misonobari ndiyo hiyo hiyo.

Naomba nichepuke kidogo. Mwaka 95 BK Kaisari Domitianus alitoa tawi la Appia kwenda Pozzuoli, bandari ya meli za Alexandria. Paulo alishukia hapo. Pembe za ndovu kutoka pwani yetu, kutoka Rhapta, mji ambao wataalamu wengi wanauweka Tanzania, zilipitia Misri kwenda kwa Warumi. Leo tawi hilo ni Domiziana, na kando yake kuna Castel Volturno. Mkishuka hapa mtadhani mmeteremka Accra au Benin City: saluni, makanisa, mihogo sokoni. Septemba 2008 majambazi wa Kamora, mafia ya huku Napoli, waliwapiga risasi Waafrika sita, wakafa. Novemba mwaka huo Miriam Makeba, yule mama aliyeiimba Malaika kwa Kiswahili mpaka dunia ikaijua, alikuja kuimba hapa kwenye tamasha la kupinga Kamora. Alimaliza kuimba, akaanguka, akafia hapa hapa. Yuko kwenye orodha yangu na Bikila.

Benevento kuna tao la Trajanus la mwaka 114 BK, zima kabisa. Baada ya hapo barabara inapotea kwenye mashamba ya ngano, mnasaidiwa na vibao tu. Venosa ni kwao Horatius. Taranto nilipita kwa treni.

Na hii ni Brindisi. Kwenye ngazi za bandarini zilikuwa nguzo mbili, imebaki moja. Nyingine ilianguka 1528, baadaye mawe yake wakapewa Lecce, wamemsimamishia mtakatifu wao juu yake. Kutoka hapa Mrumi alivuka maji, akaendelea na Via Egnatia mpaka Bizanti, Istanbul ya leo. Na mimi ndio navuka, meli ya Vlorë, Albania, ni usiku huu. Ukija Roma, nenda Appia Jumapili, magari yanapungua, na vaa viatu vya kufungwa. Mama yangu, ukiiona video hii usinipigie leo, baharini simu haitashika.